Hodi ya Mwali

Harufu ya dizeli ilianza Jumatatu, mchana kweupe, na Octavian akaipenda. Mtu mwingine angejiuliza inatoka wapi, maana nyumba yao ya Gongoni, mjini Tabora, haikuwa na gari wala jenereta. Yeye aliivuta, akatabasamu mbele ya kompyuta, akamwambia mkewe kwamba sasa kazi imekamilika. Mapenzi ni upofu, hata yakiwa ya chuma.

Kazi yenyewe ilikuwa kuunda upya, ndani ya mchezo wa treni wa kompyuta, injini ya dizeli iliyowahi kuvuta mabehewa ya mizigo kutoka Tabora kwenda Kigoma. Haikudumu. Joto na vumbi viliimaliza kabla hata rangi yake haijapauka. Madereva waliiita Mwali, kwa kuwa aliyeingia ndani hakutoka kirahisi: kitasa cha ndani kilikatika mapema, vipuri havikuja, na dereva akitaka kushuka ilibidi apitishe mkono dirishani afungue mlango kwa nje. Octavian aliipenda kasoro hiyo kuliko kitu kingine chochote. Akauunda mlango vilevile, bila kitasa ndani. Dirisha hakuhangaika nalo. Alibandika picha ya kioo, akasema atalirudia siku nyingine.

Habari zote hizo alizipata kwa Mzee Shigela, baba mkubwa wa mkewe Julieth, aliyeiendesha Mwali ujanani. Honi yake halisi bado alikuwa nayo, ameivingirisha kwenye gunia chini ya kitanda. Alimpa Octavian akairekodi, kwa sharti moja. Reli, alisema, imepita juu ya njia ya zamani ya misafara, na kuna mahali wapagazi walipokuwa wakitua pembe za ndovu na kulala ambapo pana mwenyewe, jini asiye na haraka. Kila dereva aliyepita pale alipiga honi mbili ndefu, hodi ya heshima, kisha akaenda zake.

"Ukiipiga, asiwepo wa kuitikia," mzee alionya. "Hodi ile huisikia yeye. Akisikia na neno karibu, atajua ni yake."

Octavian aliitikia ndiyo, kama vijana wanavyowaitikia wazee. Jumatatu hiyo asubuhi aliipachika sauti ndani ya mchezo, akafungulia spika, akapiga mbili ndefu. Julieth alikuwa uani akichambua mlenda. Ni mtoto aliyelelewa vizuri, na ulimi wa mtu aliyelelewa hausubiri kufikiri.

"Karibu," akaitikia. Kisha wakacheka wote wawili.

Mchana ikaja harufu. Jumanne kitasa cha mlango wa mbele kikawa kinazunguka bure ukikishika kwa ndani, lakini jirani akikigusa kwa nje kinafunguka, na Octavian akasema atamwita fundi. Jumatano hata jirani hakuweza. Mlango wa uani nao ukagoma, wao wawili wakiwa ndani. Madirisha yalikuwa na nondo kama nyumba zote za mtaa ule, nondo walizozitia wenyewe kuogopa wezi. Fundi alikuja na nyundo, lakini kila alipougonga mlango Julieth alishika kifua akalia ndani, mpaka fundi akaiweka nyundo chini akaondoka bila kuaga. Wanajumuiya walisali rozari barazani. Walipofika katikati, ndani ya nyumba mtu wa tatu alishusha pumzi, pumzi nzito ya mpagazi anayetua mzigo.

Tangu hapo hofu ilikaa nao mle ndani, kwa maana joto lilipanda ingawa nje kulikuwa na upepo, maji ya mtungi yakawa na ladha ya mafuta, kuta zikaanza kutetema polepole kama behewa lililo mwendoni, na popote Julieth alipoketi alisikia kiti cha pili kikilia kwa uzito wa mtu anayejisogeza karibu naye, karibu zaidi, asiyesema neno, mgeni aliyekaribishwa na bado anangoja kuangaliwa usoni. Julieth aliacha kuongea. Ijumaa adhuhuri midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na Octavian alijua wazi kwamba mkewe atakufa mle ndani.

Mzee Shigela alikuja akasimama dirishani. Octavian alimwamkia shikamoo kwa sauti ya chini, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya chini zaidi.

"Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi," mzee alisema. "Husindikizwa. Na anayemsindikiza ni aliyesema karibu."

Julieth akajaribu kuinuka. Octavian akamrudisha kitini taratibu.

"Karibu ya mke wangu ni yangu," alisema. "Hii nyumba ni yangu, mzee. Nitampeleka mimi."

"Kwa Mwali, basi, maana njia nyingine huna. Lakini msindikizaji hurudia njiani. Usimfikishe kwake. Ukiiona kambi ya wapagazi kwa mbali, simama, umuage, ushuke."

Octavian akaketi mbele ya kompyuta. Nyuma yake kitu kizito kilinyanyua mzigo wake, kikaja kusimama begani kwake. Mwali ikanguruma, ikatoka stesheni ya kuchora, ikaingia porini. Mara kitasa cha mlango wa mbele kikalia ta, na mlango ukafunguka wenyewe. Alimwambia Julieth atoke, bila kugeuza kichwa. Julieth alitambaa hadi barazani, akaivuta hewa huku analia.

Akasikia breki. Akasikia mumewe akiaga, kwa adabu, kama anavyoagwa mkwe. Halafu akasikia kibonye cha kushukia kikibonyezwa, kikibonyezwa tena, kikibonyezwa mfululizo.

"Julieth," sauti ya Octavian ilikuwa tulivu mno. "Lile dirisha sikuliunda."

Julieth alirudi ndani mbio. Kiti kilikuwa kitupu, bado kina joto. Kwenye kioo cha kompyuta Mwali ilisimama juani, na nyuma ya picha ya dirisha kiganja cha mkono kilikuwa kimebanwa kwa ndani. Pembeni yake palikuwa na mtu mwingine, ameketi, hana haraka.

Siku hizi Julieth anajifunza kuchora dirisha linalofunguka. Ni kazi ngumu, na walimu wake ni video za simu. Amenunua betri kubwa ili umeme ukikatika kompyuta isizimike, na Mzee Shigela huja kupokezana naye zamu ya kukesha nayo. Ila saa za mchana, anapokuwa peke yake, honi hulia mbili ndefu kutoka kwenye spika, na ulimi wake ule uliolelewa vizuri husogea kinywani. Anamtaka mumewe hata mifupa inamuuma. Hung'ata pindo la kanga mpaka honi inyamaze, kwa maana hajui aliyeishika ni nani kati ya wale wawili.