Sauti Ndani ya Tramu

Hedifoni za kusikilizia maelezo ya mji hazikuwa na Kiswahili. Ottilia alibonyeza lugha moja baada ya nyingine, hata Frederick, mwenzake wa kwaya kutoka Mbinga, akamcheka. "Sikiliza hicho hicho Kiingereza, dada. Si tumekuja kutalii?"

Wenyeji wao wa parokia rafiki huko Ujerumani walikuwa wamewapeleka kuuona mji kwa tramu, ile treni ya umeme inayopita katikati ya barabara. Nje watu walijaa kama siku ya sikukuu. Ottilia akabonyeza tena. Sauti ya mwanamke ikaanza kusema taratibu, kwa Kinyasa, lugha ya kwao.

"Kushoto kwako ni mlango. Umeachwa wazi."

Akatazama kushoto. Kulikuwa na kanisa lenye minara miwili.

"Sasa tunapita jikoni. Moto umezimika. Ndoo haina maji."

Harufu ya dagaa wa usipa walioanikwa ikamjaa puani, humo ndani ya tramu safi. Hapo akaitambua sauti. Ilikuwa ya mama yake, Bibi Avelina, ambaye yeye alimwacha nyumbani Liuli, mgonjwa asiyejiweza. Kabla ya safari, mdogo wake Lidia alipiga simu kutoka Liparamba kuuliza nani atabaki na mama. "Nimeongea na jirani, atalala naye," Ottilia alijibu. Hakuwa ameongea na mtu. Alijiambia angeongea kesho yake, akasahau, na alipokumbuka yuko uwanja wa ndege akaona aibu kupiga simu.

"Kulia kwako ni kitanda."

Tramu ikakata kona kando ya mto, abiria wakainua simu kupiga picha, na sauti ikazidi kumtembeza polepole, kutoka kwenye mto wa kulalia uliolowa jasho mpaka kwenye mkono uliokuwa ukipapasa sakafuni kutafuta kikombe kilichokwisha kubingirika uvunguni, mpaka kwenye mdomo uliokauka ukilitaja jina lake, naye akazing'oa hedifoni kwa kelele, na bado sauti ikasema, masikioni mwake matupu: "Hapa ndipo mwisho wa safari."

Jioni ile Lidia alipiga simu. Mama alikuwa amekutwa amekufa, peke yake, mlango wazi.

Ottilia alirudi Liuli kuzika, na hata baada ya mazishi sauti haikumwacha. Akiteka maji, akila, akisali, ilimtembeza katika nyumba ileile. Mwishowe akamwendea Padri Bartholomayo, akamweleza yote. Padri akaja na maji ya baraka, akaomba chumba kwa chumba. Walipofika kitandani harufu ya usipa ikapanda, naye akakatiza sala.

"Huyu si mama yako," alinong'ona. "Ni jini. Lilikuta mlango wazi na mtu anakata roho peke yake, likaichukua sauti yake. Sasa linakushika kwa uongo wako. Kamwambie mdogo wako ukweli, litakosa pa kushika."

Lidia alikuwa ziwani akiosha masufuria ya msiba. Ottilia akapiga magoti mchangani, akasema kila kitu bila kujitetea. Alipomaliza, masikio yake yalikuwa kimya. Alisikia mawimbi tu. Akaanza kulia kwa nafuu.

Lidia hakuacha kusugua sufuria.

"Najua, dada," alisema. "Mama ameshaniambia. Ananiambia kila siku."

Akageuza sikio kidogo kuelekea nyumbani, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema.

"Anasema nisikusamehe."