Alimpulizia Baba Yangu Rangi Usoni

Nilisukuma mlango wa stoo nikamkuta Don Leandro amemkaba baba yangu shingo kwa mkono wa kushoto...

Mkono wa kulia ameshika kopo la dawa. Anampulizia usoni!

Pssss! Pssss!

"Leandro! Unafanya nini?!"

Hata hakushtuka. Akamgeuza baba upande wa pili, akampulizia na sikio.

Jamani msipige simu polisi kwanza. Baba yangu alikuwa na urefu wa kiganja, wa resini, na alitakiwa awe ameshakufa miaka arobaini na moja iliyopita. Lakini siku ile, kwa haki ya Mungu, nilitaka kuua mtu.

Naitwa Casilda. Naishi Teruel, mji wa baridi ambao hata Wahispania wenzetu huusahau. Kazi yangu ni kushona mapazia. Starehe yangu ni sanamu za kifua, zile za resini, plastiki ngumu ya kumiminwa, zinazokuja vipandevipande ndani ya boksi: kichwa peke yake, kifua peke yake, mabega kwenye mfuko. Wengine wanakimbilia kupaka rangi. Mimi napenda kabla ya rangi. Napenda kukata, kutoboa, kujaza, kumgeuza mtu awe mtu mwingine.

Mjini kwetu kuna chama cha watu wa kazi hiyo. Mwenyekiti ni Don Leandro. Miaka sabini, ndevu nyeupe hadi kifuani, nywele ndefu zinafunika masikio, na roho nyeusi kama sufuria ya mkaa.

Huyo mzee alinichukia tangu siku ya kwanza nilipoingia. Sikumkanyaga, sikumtukana. Aliniangalia tu usoni, akageuka, akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Siku hizi tunaingiza kila mtu?"

Miaka mitatu aliniandama. Nikileta kazi, anaiinua kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Hii umechonga wewe?"

"Ndiyo, Don Leandro."

"Mshona mapazia?"

Wenzake wanacheka. Mimi nairudisha kazi yangu mfukoni.

Kilichoniuma zaidi ni jina. Kwetu kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba linatangulia, la mama linafuata. Mimi yote mawili ni ya mama: Tornos Bielsa. Siku moja anasoma orodha ya wanachama, akafika kwangu, akasimama kwa makusudi.

"Casilda Tornos Bielsa... Ya mama tupu! Maskini, baba alisahau kusaini!"

Blas, katibu wetu, akainamia makaratasi yake. Hakuna aliyenitetea, hata mmoja!

Baba yangu, kwa mujibu wa mama, alikuwa dereva wa treni kutoka mji wa Logroño. Alikufa kwenye ajali wiki mbili kabla ya ndoa, mimi nikiwa tumboni. Kilichobaki ni picha moja: mwanaume amesimama kando ya kichwa cha treni, kofia imemfunika uso, huoni hata pua.

Sasa mwaka huu Don Leandro akaja na jipya. Akatangaza chamani kwamba kazi zangu nazinunua zikiwa zimetoka kwenye mashine za kuchapa sanamu, halafu nasema nimechonga.

"Ni mwizi," alisema. "Na mwizi hana kiti hapa."

Nikasimama.

"Nileteeni boksi lolote. Nitalibadilisha, nililete kwenye maonyesho likiwa uchi."

Kuleta uchi maana yake bila tone la rangi. Hiyo ndiyo kanuni ya shindano letu la kubadilisha. Resini ya boksini ina rangi ya siagi. Udongo tunaoongezea kwa mkono ukichanganywa unakuwa kijani. Jaji akiangalia tu anajua: siagi ni ya kiwanda, kijani ni jasho lako.

Leandro akatabasamu.

"Sawa. Ukishindwa, kura ya kukufukuza papo hapo. Mbele ya watu wote."

"Sawa."

Blas akanipa boksi kutoka kabatini. Ofisa mmoja wa jeshi la farasi la zamani, masharubu kama pembe za ng'ombe, medali kifua kizima.

Nikaamua huyu atakuwa baba yangu.

Nikaviosha vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa mswaki, kutoa grisi ya kiwandani. Nikakata vishina vya resini vilivyobaki kiwandani kwa msumeno mwembamba. Nikapiga msasa ndani ya maji, barakoa usoni, maana vumbi la resini halina urafiki na mapafu. Nikanyoa masharubu. Nikang'oa medali moja moja, nikamvunjia yale mabega ya fahari, nikamchongea kola ya koti la kazi na skafu shingoni. Nikatoboa shingo na kichwa, nikapitisha waya wa shaba, nikaunganisha kwa supaglu. Kila ufa nikaujaza.

Kasheshe ikawa uso. Utachongaje uso usioujua?

Sisi wachongaji tukikosa picha tunatumia kioo. Na mama tangu nikiwa mdogo alikuwa na wimbo mmoja: "Umetoka baba yako mtupu."

Basi nikaweka kioo mezani. Nikajiangalia, nikamtafuta mwanaume ndani yangu. Taya nikaipanua. Nyusi nikazinenepesha. Kidevu chenye shimo nikakiacha. Sikio nikalihamisha kama lilivyo, na sikio langu ni la aina yake: halina ndewe, na ukingo wa juu umekunjika kama kona ya ukurasa.

Wiki sita! Vidole vikapasuka.

Alipomalizika nilimpenda, lakini sikumwona vizuri. Alikuwa mabaka matupu, siagi hapa, kijani pale, kama mtu mwenye ukurutu. Sio kitu, nikajisemea. Mabaka ndiyo ushahidi wangu.

Jumapili ya maonyesho ukumbi ulijaa. Watu na glasi zao za mvinyo wa vermouth, sahani za tortilla ya mayai na viazi, watoto wanakimbia. Mama nilimketisha mstari wa mbele. Mke wa Leandro, Doña Herminia, alikuwa upande wa pili na koti lake la manyoya, amenuna kama kawaida yake.

Nikamweka baba mezani, nikaenda kumchukulia mama kahawa. Dakika tano tu!

Nimerudi... meza tupu.

Halafu harufu. Mtu wa kazi hii hawezi kuikosea. Praima, ile rangi ya kijivu inayotangulia rangi zote!

Nikaifuata harufu hadi stoo. Mengine mnayajua.

Nilimpokonya. Too late wenzangu... baba yangu alikuwa kijivu kuanzia utosini hadi kifuani. Siagi hakuna. Kijani hakuna. Wiki sita zangu zimefunikwa kwa pumzi mbili za kopo.

"Kwa nini?!"

Akaniangalia taratibu. Akajifuta vidole kwa leso.

"Nani atakuamini, mshona mapazia?"

Kisha, jamani huyu mtu... akafungua mlango na kupiga kelele!

"Njooni! Njooni muone! Nimemkamata anaipaka rangi stooni ili kuficha uchafu wake!"

Watu wakajaa. Mimi nimeshika sanamu, vidole vyangu vya kijivu. Kopo lipo chini miguuni kwangu. Nilionekana mwizi kweli kweli.

"Muongo! Ni yeye!"

"Mimi? Mwenyekiti?"

"Ikwangueni! Leteni kisu, chini ni kijani!"

"Kanuni ya tisa," akasema kwa upole wa kinafiki. "Kazi iliyoguswa rangi haikaguliwi. Blas, si ndivyo?"

Blas akafunua kitabu cha kanuni. "Ndivyo... ilivyoandikwa, Don Leandro."

Mtauliza, Casilda, picha za simu hukuwa nazo? Nilikuwa nazo mia mbili! Nikazitoa. Leandro hata hakuinama kuziangalia.

"Picha? Siku hizi mashine inakutengenezea picha ukiwa unakaanga mayai."

Wakacheka. Nililia, sifichi. Nililia kwa hasira mbele ya watu mia, na mama yangu akiwa pale na kikombe kitupu.

"Blas," Leandro akaamuru, "iweke chini ya taa wote waione. Kisha tupige kura."

Blas akambeba baba hadi ukumbini, sote nyuma yake, akamweka kwenye meza kuu, akawasha ile taa nyeupe ya majaji.

Hapo ndipo hata mimi nilipomwona kwa mara ya kwanza.

Bila mabaka, uso ulitulia. Mwanaume wa miaka thelathini, kidevu na shimo lake, jicho la kiburi kidogo, sikio limekunjika kona. Alikuwa hai kabisa.

"Wanaotaka afukuzwe wanyooshe mikono," Leandro akasema.

Mikono ikaanza kupanda. Mmoja... mitatu... saba...

"Ngojeni."

Doña Herminia. Alikuwa amesimama. Akafungua pochi, akatoa miwani, akaivaa. Akasogea mezani, akainama hadi pua ikakaribia kugusa sanamu.

"Herminia, kaa chini," Leandro akasema. "Mambo ya chama haya."

Herminia aliangalia sanamu. Akaniangalia mimi. Akarudia sanamu. Akageuka kwa mumewe, akanyoosha kidole kimoja, akamwinulia zile nywele nyeupe pembeni mwa kichwa.

Sikio. Halina ndewe. Ukingo wa juu umekunjika kama kona ya ukurasa.

Nikajikuta nimeshika la kwangu.

"Mimi niliolewa na sura hii," Herminia akasema. Sauti kavu, haipandi wala haishuki. "Kabla ya ndevu. Nimelala nayo nikaamka nayo. Leandro, huyu ni wewe."

Mtu aliangusha glasi. Mikono yote ikashuka.

"Upuuzi!" Leandro alikuwa mweupe kuliko ndevu zake. "Huyu mwanamke kanunua sanamu dukani!"

Herminia akavua miwani.

"Kanunua? Duka gani linauza sura ya mume wangu?"

Akamsogelea mumewe hatua moja.

"Nakuuliza wewe, mwenyekiti. Duka gani?"

Miaka mitatu Leandro alikuwa na neno la kunitupia kila nilipoingia mlangoni. Siku ile hakuwa hata na herufi.

Nikamgeukia mama. Alikuwa ameketi vilevile, mgongo umenyooka, mikono mapajani.

"Mama... dereva wa treni?"

"Ile picha nilinunua sokoni, ndani ya fremu kuukuu," akasema. "Nilikuwa naosha vyombo kwa mama yake. Yeye tayari ana mchumba. Akaniambia nikimtaja, hakuna atakayeniamini."

"Alijua mimi ni nani?"

"Siku ya kwanza ulipoingia chama hiki alinipigia simu. Akaniambia nikutoe. Ulikuwa unampelekea uso wake kila mwezi."

"Na ukanyamaza! Miaka yote hii, mama!"

"Nilimwahidi kutomtaja, na sikumtaja." Akamwangalia Leandro moja kwa moja. "Kajitaja mwenyewe, kwa kopo lake."

Wenzangu, hasira niliyokuwa nayo kwa mama siku ile bado sijaimaliza. Tunaongea, tunakula pamoja, lakini kuna siku naosha sahani na kuzigonga makusudi ili asikie.

Leandro akapiga hatua kuja kwangu. Uso umelainika ghafla, macho yamejaa maji.

"Binti yangu..."

"Ishia hapo hapo!"

"Casilda, mimi..."

"Ulisema mimi mwizi. Sema kwanza hiyo kazi ni ya nani."

Akatazama watu. Watu wakamtazama. Herminia alikuwa anavaa glavu zake taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Ni... ni yake," akanong'ona.

"Sauti!"

"Ni yake! Kachonga yeye!"

Majaji hawakukaa hata kikao; kanuni ya tisa wakaiweka kando. Blas akavuta cheti cha mshindi wa kwanza. Kwa kanuni zao hizohizo, cheti lazima mwenyekiti aandike jina la mshindi na kusaini. Kalamu ikawekwa mbele ya Leandro.

Akainama. Akaandika Casilda. Akasita. Akaniinulia macho kama mbwa aliyenyeshewa.

"Naweza... ukitaka... naweza kuandika langu. Linatangulia. Nitalisaini mbele ya wote."

Miaka arobaini na moja! Utotoni shuleni nilitamani lile jina la kwanza hadi nikalibuni mwenyewe na kuliandika nyuma ya daftari. Sasa lilikuwa juu ya ncha ya kalamu, bure.

Nikamwangalia mama. Nikaangalia ile sanamu ya kijivu.

"Andika kama ulivyolisoma siku ile," nikamwambia. "Tornos Bielsa. Ya mama tupu."

Akaandika, na mkono wake ulitetemeka hadi ile B ikatoka mbovu. Cheti kipo ukutani kwangu, B mbovu na yote.

Herminia hakumngoja, aliondoka peke yake na funguo za gari. Chama kina mwenyekiti mpya, Blas, na kanuni ya tisa imefutwa.

Sanamu sijaipaka rangi na sitaipaka. Iko kijivu vilevile kama Leandro alivyoiacha. Mwezi uliopita alituma mtu kuniomba nimuuzie. Nikamjibu haiuzwi dukani.

Funzo langu ni dogo, wasomaji wangu. Ukimwona mtu anakuchukia bila sababu, usipoteze muda kujiuliza umemkosea nini. Wewe fanya kazi yako, na uifanye vizuri. Mwenye chuki atalileta kopo mwenyewe.