Kiti Kilichoacha Kulia

"Sasa."

"Sijakugusa, dada."

Mpiga pasi alikuwa amekaa kwenye chumba cha vipimo hospitalini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepitishwa kwenye upenyo wa pazia jeupe, umelazwa juu ya taulo upande wa pili, mahali ambapo hakuweza kuuona. Alisubiri kidogo, akabahatisha tena.

"Sasa."

"Bado sijakugusa."

Nyuma yake, kwenye benchi la karibu na mlango, mchumba wake Fundi alikohoa.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mpimaji alikuwa na vijiti vyenye nyuzi za nailoni, nyembamba na nene. Aligusa ngozi kwa uzi mpaka uzi upinde, na anayepimwa akisikia anasema "sasa". Mpiga pasi alikuwa akija kila baada ya miezi mitatu, na kila alipokuja "sasa" zake ziliongezeka. Leo zilikuwa zinaanguka hovyo kama sahani mikononi mwa mlevi.

"Bwana harusi mtarajiwa, hebu utusubiri nje kidogo," mpimaji alisema.

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Benchi la nje ni zuri kuliko hilo."

Fundi akatoka. Mpimaji akafungua pazia, na wanawake wawili wakatazamana juu ya ule mkono.

"Kiti changu cha zamani kilivunjika wiki iliyopita," mpimaji alisema. "Kile kilikuwa kinalia kila nikiinama kukugusa. Nimeletewa hiki kipya. Hakilii."

Mpiga pasi alikitazama kiti.

"Ulikuwa unasikiliza kiti," mpimaji alisema.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya pili."

Mpiga pasi alisema hivyo bila chozi, kama mtu aliyeulizwa saa.

"Dada, unajua kwamba huu ndio mkono bora katika utafiti wetu? Wagonjwa thelathini na wawili. Nusu mliunganishiwa neva, nusu hawakuunganishiwa. Daktari anataka kujua kama kuunganisha kunasaidia, maana kunaongeza saa mbili za upasuaji. Wewe peke yako umeuinua mstari wote wa grafu."

"Nimeharibu?"

"Nisingegundua, ungekuwa umeharibu. Watu wangelala chini ya kisu saa mbili zaidi kwa sababu ya kiti changu." Mpimaji aliweka kijiti chini. "Lakini kwa nini? Hapa hatugawi zawadi."

Mpiga pasi aligeuka, akautazama mlango.

"Huwa anahesabu. Anakaa pale, anahesabu 'sasa' zangu kwa vidole. Mara ya kwanza nilisema moja tu. Alikaa siku mbili bila kula."

Ilikuwa hivi. Wote wawili walifanya kazi kwenye kiwanda cha dobi, yeye kwenye mashine kubwa ya kupigia pasi mashuka, Fundi kwenye matengenezo. Siku moja Fundi alikuwa anajaribu pedali aliyotoka kuitengeneza. Alidhani mwanamke amemaliza kutandaza shuka. Akakanyaga. Bamba la moto likashuka juu ya mkono.

Ngozi ya kiganja iliisha kabisa. Madaktari walifungua kipande cha ngozi ya tumbo bila kukikata kabisa, wakaushonea mkono palepale tumboni kwa wiki tatu, mpaka ngozi ikazoea kuishi mkononi. Ndipo wakakata. Tangu hapo kiganja chake kilikuwa laini kama tumbo la mtoto, na alipoongezeka uzito, kiganja nacho kilinenepa.

Wiki zote tatu Fundi alikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Ya tatu ilipokwisha, akaomba kumuoa. Harusi ingekuwa Jumamosi hii. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Tupime upya," mpimaji alisema. "Nitakuwa nakugusa, wakati mwingine nitajifanya nakugusa. Usimsaidie mtu yeyote."

Wakapima. Katika miguso ishirini, alisikia miwili. Yote ilikuwa chini ya kidole gumba, pale ngozi ya tumbo inapokutana na ngozi yake ya kuzaliwa.

"Mbili," alisema mpiga pasi.

"Mbili za kweli. Ulianza na moja."

Kwenye korido Fundi alisimama haraka.

"Ngapi?"

"Twende nyumbani."

Alimshika mkono. Mpiga pasi alijua ameshikwa kwa sababu alitazama chini akaona.

Fundi alimwacha mlangoni kwake akaenda kazini; kabla mpiga pasi hajavua viatu, simu iliita. Alikuwa shangazi yake, msimamizi mkuu wa harusi kwa kujiteua.

"Mwanangu, nimepata glovu! Nyeupe, ndefu, zinafika kwenye kiwiko. Hakuna atakayeona kitu."

"Asante, shangazi."

"Na upunguze kula. Huo mkono usije ukaota kitambi kabla ya bwana harusi."

"Sawa, shangazi."

"Mbona sauti imelala? Bibi harusi gani huyu, kama anakwenda kung'oa jino?"

"Nimechoka tu."

Akakata simu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwandikia Fundi ujumbe kwa kidole cha kushoto.

*Nilikuwa nadanganya. Mkono hausikii. Mara zote nilikuwa nasikiliza kiti.*

Akautuma. Alingoja moyo uende mbio, lakini haukwenda. Njia ya mwongo ni fupi, ila yake ilikuwa imefika miezi kumi na mitano, na sasa ilipokwisha hakuona hata unafuu.

Simu ikaita.

"Kiti gani?" Fundi aliuliza.

"Cha yule dada mpimaji. Kilikuwa kinalia."



"Nakuja."

Alifika na ovaroli yake, mafuta ya mashine hadi kwenye sikio. Hakukaa. Alisimama kati ya sinki na mlango.

"Miezi kumi na mitano unanizuga!"

"Ndiyo."

"Nimeringa kazini. Nimewaambia mkono umerudi. Hata ile mashine nimeanza kuishika tena!"

"Najua. Ndiyo maana niliendelea."

"Ulidhani nitakimbia?"

"Sikudhani kitu. Nimekufa ganzi, Fundi, na si mkono tu. Watu wanachagua maua, mimi natazama kama harusi ya jirani." Alivuta pumzi. "Nina swali moja, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Usingekanyaga ile pedali, ungenioa?"

Bomba la sinki lilidondosha tone, likadondosha jingine. Fundi alitazama viatu vyake.

"Hapana."

Mpiga pasi aliitikia kwa kichwa. Alisubiri maumivu yafike, kama alivyosubiri uzi nyuma ya pazia.

"Endelea."

"Nilikuwa hata sikujui. Ulikuwa yule mpiga pasi anayefunga mlango kwa teke. Hospitali nilikuja kwa sababu ya hatia, sikufichi. Unakumbuka siku ya kwanza uliniambia nini?"

"Sikumbuki."

"Uliniambia niende nikakanyagwe na lori la taka."

"La mchanga."

"La mchanga, sawa. Hatia ingeishia hapo. Nilishatukanwa, tumemalizana. Siku ya pili nilirudi kwa sababu nilicheka njia nzima. Siku ya tatu pua ilikuwa inakuwasha, mkono mmoja umeshonwa tumboni, wa pili una dripu. Ukasema, 'Wewe muuaji, hebu nikune.' Nikakukuna. Pale ndipo nilipopotea, na sijarudi mpaka leo."

"Na kuhesabu je?"

"Kuhesabu ndiyo ilikuwa hatia. Nilitaka mkono wako unisamehe, nikakubebesha wewe kazi hiyo. Kuoa ni jambo lingine. Nilivichanganya. Nisamehe."

"Na mimi nimekudanganya."

"Umenidanganya! Tena kwa kushirikiana na fanicha."

Mpiga pasi alicheka. Kicheko kilitoka kidogo, kikavu, lakini alikisikia kinapopita kifuani, na huo ndio mguso wa tatu wa siku ile.

"Zimetoka ngapi?" Fundi aliuliza taratibu. Kisha akainua mkono. "Hapana. Usinijibu."

"Mbili. Nikiwa siutazami, sijui kama umenishika. Barabarani huwa natazama chini kila mara."

"Nilidhani unatazama viatu vyangu."

"Viatu vyako vinatisha, lakini hapana."

Fundi alifuta mafuta vidoleni kwa kitambaa.

"Basi nitakuwa nakuambia nikikushika."

Jumatano mpiga pasi alikwenda mwenyewe kwa daktari, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamweleza kila kitu.

"Utanitoa kwenye utafiti?" aliuliza.

"Nitazifuta namba zako, zote isipokuwa ya kwanza na ya mwisho. Wewe utabaki." Daktari alikuwa anapiga mistari polepole, mkono bora ulikuwa unaondoka mbele ya macho yake. "Nitaandika na habari ya kiti. Wapimaji wengine wakague viti vyao."

"Kwa hiyo neva haisaidii?"

"Kwako, moja imekuwa mbili. Sijui bado. Na napenda kutojua kwa kweli kuliko kujua kwa uongo."

Jumamosi, mlangoni mwa ukumbi, shangazi alikuwa ameshika glovu kama bendera.

"Vaa, mwanangu. Watu wataona!"

"Waone, shangazi. Ni tumbo langu hilo, nimelileta mbele."

"Mungu wangu! Mdomo huo umeutoa wapi?"

"Kwako."

Shangazi akazitumbukiza glovu kwenye mkoba, akaanza kulia kabla ya wakati.

Ndoa ilifungwa. Watu walisimama, wakapiga makofi, mpiga picha akapiga kelele kwamba maharusi watazame mbele. Mpiga pasi akatazama mbele. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia pembeni, na haukuwa unamwambia kitu.

"Sasa," Fundi alinong'ona.

Hakutazama chini.