Phelister Agawa Sabuni

Phelister hukaanga samaki kando ya barabara, mtaani Kisugu. Karai ni lake. Mwenzake Nerima huparua magamba, hupaka viungo na kuita wateja. Wakifunga kazi, Phelister hugawa faida. Yeye huchukua fungu nono, Nerima hupewa makombo.

"Kwani karai ni la nani?" huuliza.

Nerima alichoka. "Dada, mwezi ukiisha naenda zangu. Tafuta mwingine."

Phelister alicheka, lakini moyoni aliogopa. Wateja walifuata viungo vya Nerima, si karai.

Wiki hiyo alikuja Ajok, mtafiti kutoka chuo kikuu. Aliweka vipande kumi vya sabuni mezani.

"Mama Phelister, tucheze mchezo. Wewe gawa, mara moja tu. Nerima akikubali, kila mtu achukue fungu lake. Akikataa, naondoka na sabuni zote."

Jamani, huyu mama kwa kupatana bei hana mwenzake. Alisukuma kipande kimoja.

"Chukua moja."

"Sitaki," Nerima alijibu.

"Haya, mbili."

Ajok alikuwa tayari anarudisha sabuni mfukoni.

"Ngoja, binti. Hiyo ilikuwa bei ya kuanzia. Tatu basi."

"Mchezo umekwisha, mama."

Phelister alimgeukia Nerima. "Una akili kweli? Si heri moja kuliko kukosa?"

"Heri tukose wote."

"Ajok, umeuona ujinga huu?"

"Si ujinga, mama. Tumecheza na watu wengi. Mgao ukiwa mdogo mno, wengi hukataa. Mtu haangalii tu anapata nini. Anaangalia pia kama ametendewa haki. Akiona amedharauliwa, yuko radhi kukosa, mradi na wewe ukose."

Phelister alitazama karai lake. Nerima akiondoka, litabaki zuri na tupu. Aliona aibu, tuseme ukweli.

"Nerima, mdogo wangu," alisema. "Tukishatoa pesa za samaki na mafuta, faida tugawane nusu kwa nusu. Kuanzia leo."

Nerima aliparua samaki mmoja, akachukua mwingine. Phelister alitamani kuongeza neno, akajizuia.

"Nimekubali," Nerima alisema mwishowe. "Washa moto."

Siku hizi wateja wanapanga foleni. Na Nerima, aliyezoea kufika kazini jua likiwa limepanda, sasa ndiye anayemgongea Phelister mlango alfajiri.

"Dada, amka. Unanipotezea faida yangu."