Rangi ya Shavu la Kasuku

Kidoa kiligoma kutoka. Mama alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mafuta ya kupikia, mpaka mtoto akaanza kulalama.

"Basi, Mama Madoa! Utanichuna ngozi!"

Ndivyo alivyomwita mama yake tangu aanze kusema, kwa kuwa mikono ya yule mama haikukosa madoa ya rangi hata siku moja. Mama naye alimwita Kasuku, maana kibinti hicho cha miaka saba kilikuwa hakifungi mdomo, hata usingizini kinapiga soga.

Kazi ya mama ilikuwa kupaka rangi visanamu vya urefu wa kidole, katika chumba chenye dirisha moja, upande wa kushoto wa meza. Ngozi ndiyo iliyompa sifa. Wenzake hupaka kahawia moja toka utosini hadi unyayoni, kisanamu kikaishia kufanana na kiatu. Yeye alitia zambarau kidogo kwenye vivuli, akagusa wekundu masikioni na kwenye vifundo vya vidole, halafu mwisho akachora mwanga wenyewe: mstari mwembamba wa manjano hafifu, puani na shavuni, siku zote upande wa kushoto, dirisha lilipo. Uso mdogo namna ile haushiki mwanga, lazima upakwe.

Shangazi yake, aliyemfundisha kazi, alimwekea mwiko mmoja tu. Rangi ya ngozi ijaribu kwenye mkono wako, ikipotea, imekubali. Mkono wako, usiguse mtu mwingine.

Juzi aliuvunja. Mteja mmoja, mwanamke aliyevaa glavu na joto lote lile, alimletea kisanamu cha mtoto wa kike, mikono imelala ubavuni, akasema kwa sauti ya chini, "Mpe ngozi ya mtoto aliye hai." Mama akautazama mkono wake, mkavu, umebabuka kwa thina, ile dawa kali ya kuondolea rangi. Huu mkono wa kizee utampa mtoto ngozi gani? Akamwita Kasuku, akamgusa shavuni kwa ncha ya brashi. Rangi ikapotea palepale, wakacheka wote wawili. Akaumaliza uso wa kisanamu siku hiyohiyo.

Sasa pale pale shavuni pametoka kidoa cha kijivu, baridi ukikigusa. Mama akarudi mezani, akagusa shavu la kisanamu. Lilikuwa na joto.

Watu husema majini hungoja giza. Hili wapi! Mchana kweupe chumba kilianza kunuka nywele zilizoungua, na ndani ya boksi la kisanamu kucha zikawa zinakwaruza, polepole. Mama akalifunga boksi kwa kamba. Kesho yake ukijivu ulikuwa umeshuka hadi kifuani mwa Kasuku, na Mama alipochungulia boksini, kisanamu alichokipaka uso tu kilikuwa na rangi hadi kifuani.

"Mama Madoa," Kasuku alinong'ona, "kuna mtu ananivuta. Kule boksini ni padogo. Sitaki."

"Hakuna anayekuvuta, mwanangu. Nipo." Alisema hivyo huku akiikaza upya kamba ya boksi.

Siku ya tatu mtoto alinyamaza. Alilala macho wazi, wa kijivu hadi kwenye kucha, hata akiitwa haitiki. Boksini kucha zilikuwa zimekoma. Sasa zilisikika ngumi, ndogondogo, za haraka haraka.

Shangazi alipofika hakuvua hata viatu. "Ulimjaribia mtoto?"

"Nilimjaribia, Shangazi. Nisamehe."

"Loo, mwanangu!" Akaweka kopo la thina mezani, akateremsha sauti. "Tunaivua rangi yote humu, irudi kwa mwenyewe. Jini litakuita. Litakuita kwa sauti unayoipenda. Ukiitika, tumekwisha."

Mama akakitumbukiza kisanamu, akaanza kusugua kwa brashi ngumu, na harufu ya nywele ikamjaa puani, na thina ikageuka kahawia kisha nyekundu, na kitu kikamfurukuta vidoleni kama kifaranga, na kutoka ndani ya kopo ikapanda sauti nyembamba, inalia, inakohoa, "Mama Madoa, macho! Macho yananiwasha, Mama Madoa!", naye mdomo ukamfunguka wenyewe, lakini Shangazi akauziba kwa kiganja, akimnong'oneza, "Linasikia kila kitu humu ndani, lisikudanganye, sugua," akasugua, machozi yanamdondoka koponi, mpaka kukawa kimya.

Kitandani mtoto akaketi. Ngozi yake ilikuwa laini, ya kahawia, yenye uhai.

"Naomba maji, Mama," akasema.

Mama alilia kwa furaha. Shangazi akashukuru Mungu, akaenda zake.

Jioni bado haijaingia, mtoto alikunywa uji bila neno.

"Leo Kasuku wangu kimya hivyo?"

"Nimechoka, Mama."

Alikuwa ameketi dirisha likiwa kulia kwake. Mama akamtazama, akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Mwanga ulikuwa kwenye shavu la kushoto, lile lililoelekea ukutani. Akamshika mkono, akampeleka kwenye korido isiyo na dirisha kabisa. Mle gizani, mstari mwembamba wa manjano hafifu ulimng'aa puani. Akaufuta kwa kidole gumba. Haukutoka. Kazi ya mkono wake aliijua, na mstari ule alikuwa ameuchora yeye.

Jini halikutaka kisanamu. Lilitaka ngozi, na yeye ndiye aliyelivika.

Alikimbia mezani, akaingiza mkono kwenye thina. Kisanamu kilitoka kitupu, hakina chembe ya rangi. Mikono haikuwa tena ubavuni. Ilikuwa imeinuliwa, viganja vimeziba macho.

"Kasuku," akaita, akikikumbatia kifuani, thina inamuunguza. "Kasuku, nipo. Mama Madoa yupo hapa. Kasuku!"

Kisanamu hakikutikisika. Nyuma yake, mlangoni, sauti tamu ya mtoto mwenye adabu ikaitika:

"Abee, Mama."