Maji Yaliyopita Kwenye Matete

Mama Pacha alikuwa dobi wa zahanati. Asubuhi alichukua mashuka kwa Sista, muuguzi mkuu, akayafulia nyuma ya nyumba yake kwa maji ya kijito. Aliyaloweka, akayafikicha, akayasuuza, akayaanika. Yalikuwa meupe hata Sista alizoea kumtania, "Nikiyatandika naona haya kumlaza mgonjwa."

Juma moja mashuka yalikauka yakiwa na rangi ya chai. Alirudia kuyafua. Rangi ikazidi.

Sista aliinua shuka moja dirishani. "Dada yangu, hapa wanalala kina mama waliojifungua na watu wenye vidonda. Siwezi kuwalaza kwenye matope. Yakija hivi tena, itabidi kazi nimpe mwingine. Usinichukie."

"Sikuchukii, Sista. Nitatafuta kinachochafua maji."

Jioni mumewe alirudi kutoka msituni. Alikuwa mkata miti, na watu walimwita Msumeno. Alifuatana na mdogo wake, dereva wa trekta la kuvuta magogo. Wote wawili walikuwa wamelowa mpaka magotini.

"Shemeji, kazi imekuwa mchezo," dereva alisema huku akinawa. "Kaka kapata akili. Magogo tunayaburuta ndani ya kijito. Yanateleza yenyewe."

"Barabara bila kulima barabara," Msumeno alisema, akacheka.

Mama Pacha hakucheka. Alileta shuka, akaliweka kando ya suruali ya mumewe. Rangi ilikuwa moja.

"Hiyo ni mvua tu, mama watoto."

"Mvua gani? Vumbi limejaa mpaka kwenye sufuria."

Dereva aliitazama miguu yake. "Kaka, hapo umepatikana."

"Na wewe, shemeji? Trekta lilijiendesha?"

Msumeno alikuna kichwa. "Maji ni ya kupita, mke wangu. Yakishapita, yametakata."

"Yanapita kwangu kwanza. Na Sista amesema kazi itakwenda kwa mwingine."



Kesho yake Mama Pacha alikwenda kumwita Bibi Misitu, ofisa wa misitu wa eneo lile. Mama huyo alivaa buti, akawafuata wale ndugu wawili kazini pamoja na dobi. Hakuanza kwa kugomba. Alisema tu, "Nipelekeni kwenye kinamasi."

Kinamasi kilikuwa bonde la matete kati ya msitu na nyumba za watu. Kijito kiliingilia juu, kikatokea chini. Wakata miti walipaita Pabovu, kwa sababu ya tope na harufu. Trekta lilikuwa limekatiza katikati, na magurudumu yake yamechimba mfereji mrefu.

Bibi Misitu aliwazungusha mpaka upande wa chini. Hapo maji yalitoka sehemu mbili. Yaliyotoka mferejini yalikuwa mekundu. Yaliyotoka katikati ya matete, ambako trekta halikupita, yalikuwa maangavu. Punje za mchanga zilionekana chini yake moja moja.

"Haya maangavu ni chemchemi?" Msumeno aliuliza.

"Ni kijito kile kile mnachoburutia magogo."

"Haiwezekani."

"Zunguka juu ukaangalie."

Alizunguka. Akarudi. Alipiga magoti, akatia mkono mmoja kwenye maji mekundu na mwingine kwenye maji maangavu. Akakaa vile vile, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada. 

Bibi Misitu aling'oa shina la tete. Mizizi yake ilikuwa myembamba kama nywele, na kila mzizi umeshika tope. "Maji yakienda mbio hubeba udongo. Yakifika hapa yanapunguza mwendo. Udongo unatua, mizizi inaushika. Mlipochimba mfereji, mliyapa maji njia ya mkato. Hayatui tena."

Kisha alikamua bonge la udongo wa pale. Maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Maji ya masika hubaki humu. Kiangazi kijito kinakunywa hapa, kidogo kidogo."

"Ee Mwenyezi," Mama Pacha alisema polepole. "Miaka yote hii tunapita hapa tumeziba pua."

"Sasa tuache kukata?" Msumeno aliuliza. "Nina watoto wawili wanaokula kama wanne."

"Sijasema muache. Tazama ule mti mrefu kuliko yote. Ungeanguka kuelekea huku, ungefika wapi? Upana huo, kandokando ya kijito na kuzunguka kinamasi, msikate mti wala trekta lisiingie. Miti mingine iangusheni kwa nje. Magogo vuteni kwa kamba ya chuma mpaka nchi kavu. Mkilazimika kuvuka kijito, vukeni mahali pamoja tu penye ardhi ngumu, juu ya daraja. Na mafuta ya mashine yajazeni mbali na maji."

"Mvua ikinyesha?" dereva aliuliza.

"Shika udongo. Ukifinyangika kama unga uliokandwa, trekta lilale. Likipita, linaushindilia. Udongo ulioshindiliwa haunywi maji. Yanateremka juu juu na kuuchukua."

"Na mimi?"

"Lala nawe. Macho yako mekundu kuliko mfereji."

Walianza siku ile ile. Waliondoa magogo yote kijitoni. Walipaka rangi nyeupe miti ya mpakani isiyokatwa. Katika njia ya trekta waliweka matuta ya kukingama, ili maji ya mvua yatawanyike porini. Mfereji wa kinamasi waliuziba kwa vigingi na matawi, wakapandikiza matete.

Haikuwa kazi ya mara moja. Mwanzoni Mama Pacha alibeba maji ya kufulia kutoka kisima cha mbali, na Msumeno alimsaidia kubeba bila kuambiwa. Lakini matete yalishika, na kijito kikarudi kutakata. Sista alipopokea mashuka aliyanusa, akayatazama, akasema, "Kazi ni yako, dada."

Mvua kubwa ya kwanza ilipoanguka, Msumeno na mkewe walikwenda kinamasini. Upande wa juu maji yaliingia mekundu, yakinguruma. Walizunguka chini. Maji yalitoka polepole katikati ya mashina, safi, bila kelele.

Msumeno alivua kofia.

"Nani aliyafundisha majani kazi hii?" aliuliza.

"Unamjua," mkewe alisema.

Wakasimama pale, na mvua ikawanyeshea.