Mgonjwa wa Kuigiza

Kila jioni Chiriku na dada yake waliosha vyombo uani, na kila jioni msemaji alikuwa Chiriku. Jina hilo alipewa na baba kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Dada alisuuza tu, huku akinong'ona majina ya mifupa.

Dada alisoma katika chuo kipya cha sayansi za afya. Chuo kilianza na chumba kimoja na mabenchi ya kuazima. Sasa kilikuwa na maabara, madarasa yanayonukia rangi na wanafunzi tele. Lakini dada alikuwa amefeli mtihani wa kumpima mgonjwa. Akifeli tena, angerudia mwaka mzima, na tangu apate habari hizo chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

Safari hii chuo kiliomba watoto wa shule ya jirani waigize wagonjwa. Chiriku alichaguliwa. Mkufunzi, mama mrefu asiyecheka ovyo, alimfundisha kushika sikio na kukunja uso. "Siri hii iishie hapa," alimwonya.

Haikufika hata kesho yake. "Dada, kundi lenu mtanipima mimi," Chiriku alinong'ona juu ya masufuria. "Naumwa sikio. La kulia."

Dada aliacha kusuuza. "Hebu nyamaza, Chiriku!" Lakini hakwenda kumwambia mkufunzi, na usiku huo alikula akashiba.

Chiriku alikuwa na siri nyingine, na hiyo, ajabu, aliitunza vizuri. Alikuwa amekanyaga msumari akicheza pekupeku, jambo ambalo mama alimkataza mpaka sauti ikamkauka. Kwa kuogopa, alificha kidonda ndani ya soksi. Asubuhi ya mtihani mguu ulikuwa umevimba, kichwa kinamgonga na mwili unamtetemeka. Alijikaza. Asipokwenda, dada angepimwa kwa mgonjwa gani?

Dada aliitwa wa kwanza. Aliuliza maswali mawili ya haraka haraka, akamulika sikio la kulia, akageuka. "Ana maambukizi ya sikio," alisema, kama mtu aliyekwisha kushinda.

"Umempima joto?" mkufunzi aliuliza.

Dada alikitazama kipimajoto kilicholala mezani.

Mkufunzi alimwekea Chiriku kiganja kwenye paji la uso, akashtuka. "Mwanangu, joto hili huigizi. Unaumwa wapi?"

Chiriku aliangua kilio, akavua soksi. Kidonda kilikuwa kimetunga usaha. Dada alipokiona, alipiga magoti mbele yake.

"Mwalimu, nilijua jibu kabla sijaingia," alisema huku machozi yakimtoka. "Ndiyo maana hata sikumgusa. Mdogo wangu mwenyewe!"

"Mimi ndiye niliyemwambia," Chiriku alilia. "Msimfukuze, tafadhali!"

Dada hakufukuzwa. Chiriku alipelekwa zahanati, akasafishwa kidonda, akachomwa sindano ya pepopunda na kupewa dawa. Mtihani ulifutwa. Kwa kuwa alisema ukweli mwenyewe, dada alipewa onyo kali na nafasi moja ya mwisho, kwa mgonjwa asiyemjua. Alifanya mazoezi kwa baba, kwa mama na kwa majirani, hadi majirani wakimwona na kipimajoto wanafunga milango.

Alifaulu. Siku ya matokeo, Chiriku, viatu miguuni, alifuatana naye chuoni kuomba radhi.

"Nimewasamehe," mkufunzi alisema. "Ila nisikilizeni. Wewe mdogo, siri uliyopewa uliitoa, na maumivu uliyotakiwa kuyasema ukayaficha. Ukiumia, sema siku hiyo hiyo. Na wewe, binti, jibu la wizi lingekupa alama nzuri, na mgonjwa angekufa mbele yako huku unazifurahia."

Dada aliinamisha kichwa. Kisha, kabla hawajaaga, alinyoosha mkono akaweka kiganja kwenye paji la uso la Chiriku, naye Chiriku, kabla hajaulizwa, akasema haumwi popote.